Vidonge vya Rika

Vidonge vya mwezi mzima viliisha kwa siku tatu. Ngoyai alilisema hilo akiwa bado amesimama mlangoni, shuka lake limejaa vumbi la njia, na Marsela, muuguzi wa kliniki ya afya ya akili mjini Karatu, alidhani mzee amekosea kuhesabu. Kiswahili cha Ngoyai kilikuwa cha mnadani. Kilimtoka vizuri kikihusu madume na mitamba, lakini ndani ya hospitali kilimpa shida.

"Siku thelathini, mzee wangu?"

"Tatu."

"Vidonge sitini kwa siku tatu? Supeet yuko hai?"

"Yuko hai. Hakumeza vyote yeye." Ngoyai aliegemea fimbo yake. "Walimeza na wenzake. Vilivyobaki wakavichoma moto."

Marsela aliweka kalamu chini. Alikuwa Mwiraqw, mtoto wa wakulima wa ngano na maharage, na kwa miaka kumi na tisa ya kazi hii alikuwa amesikia kila namna ya habari kuhusu dawa: zimeliwa na mbuzi, zimefukiwa shambani, zimepelekwa kuombewa na hazikurudi. Hii ilikuwa mpya. Akamwonyesha mzee kiti, akafunga mlango.

"Kaa, baba Supeet. Nieleze polepole, na usinifiche kitu."

Ngoyai hakuficha, ila alianzia mbali na kuzungukazunguka, kama kawaida ya mtu mwenye hatia. Sisi tusizunguke.

Supeet alikuwa na miaka ishirini na miwili, morani wa rika la Nyangulo, mrefu, mcheshi, kijana aliyeruka juu kuliko wote kwenye boma la kuwachezea watalii ngoma kando ya barabara ya Ngorongoro. Mwaka uliopita alianza kusikia watu. Mwanzoni walimwita jina tu. Baadaye akaamini kwamba madereva wa watalii, wanapoulizana kwenye redio zao simba yuko wapi, wanamsema yeye: yuko wapi sasa, anaelekea wapi, nani amkamate. Siku aliyovunja kioo cha gari kwa jiwe, wageni wanne wakiwa ndani, Ngoyai alimchukua mwenyewe hadi Karatu kabla hajachukuliwa na wengine. Huko Marsela aliwapa jina la ugonjwa, skizofrenia, ambalo Ngoyai alijaribu kulitamka mara moja akaliacha, na vidonge vidogo vya kumeza asubuhi na jioni.

Miezi miwili Supeet alikaa Karatu kwa shangazi yake Seenoi, akimeza dawa bila matata. Sauti zilipungua. Alikuwa mzito, anatembea kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake, lakini alicheka tena, na akaanza kuulizia ng'ombe. Ngoyai akaona mtoto amepona. Akamrudisha nyumbani na vidonge vya mwezi mwingine, boma lao likiwa mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro.

Na hapo ndipo penye kosa. Morani hali peke yake. Hanywi maziwa peke yake, hatafuni nyama peke yake; mwenzake wa rika asipokuwepo analala na njaa, tena anajivunia njaa hiyo. Kwa Seenoi, mjini, hapakuwa na rika, kwa hiyo mtu alikula kama watu wa mjini wanavyokula. Nyumbani rika lilikuwepo. Asubuhi ya kwanza kabisa, Ngoyai alimkuta mwanawe nyuma ya nyumba ya mama yake, amechuchumaa, ameligeuzia boma mgongo, anatia kitu mdomoni haraka haraka na kukisukuma kwa maji.

"Nilimwambia maneno mabaya," Ngoyai alisema huku akiangalia sakafu. "Nilimwambia, wewe ni morani au fisi? Unakula nini kwa kujificha, wakati wenzako wamekaa pale? Akasema ni dawa. Nikasema hata dawa. Sisi supu ya mizizi tulikunywa porini pamoja, hakuna aliyejificha na kikombe chake."

Supeet alikuwa kijana wa heshima. Jioni ile ile alikaa na wenzake watano, akatoa pakiti, akamgawia kila mmoja kidonge. Walimeza wote sita wakamsifu kwamba si mchoyo. Kesho yake wakameza tena, asubuhi na jioni, na kesho kutwa. Siku ya tatu shingo ya Tobiko, rafiki yake mkubwa, ilijipinda upande wa kushoto ikakataa kurudi. Macho yakamgeukia juu, taya likakaza. Mwingine ulimi ukamtoka nje. Vijana walipiga kelele hadi mabwawani wakasikika. Tobiko alibebwa hospitali ya karibu, akachomwa sindano akafunguka, lakini hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa: vidonge vya Supeet ni sumu. Vilivyobaki vikatiwa motoni pamoja na pakiti yake.

"Hiyo ilikuwa lini?" Marsela aliuliza.

"Siku kumi na mbili."

"Na umekaa siku kumi na mbili!"

"Alikuwa mzima, sista. Nilidhani yamekwisha." Ngoyai aliinua macho kutoka sakafuni. "Sasa wamerudi, hao watu wake. Juzi alichukua mkuki akaenda barabarani kuzinyamazisha redio. Wenzake wamemfunga kamba. Na chakula hali. Siku ya tatu leo hali kitu. Hakuna anayetaka kula naye, na peke yake hataki."

Marsela alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Alitaka kumfokea mzee, akajikumbuka. Ni yeye mwenyewe aliyesema, siku ya kwanza, "Meza ukishakula," akiamini ameeleza kila kitu. Hakuuliza Supeet anakula na nani. Nani angeuliza?

"Nisikilize," akasema. "Na mimi nina ng'ombe wawili nyumbani Rhotia, kwa hiyo usinicheke. Ndama akilia jioni, mama yake anafanya nini?"

"Anashusha maziwa."

"Ng'ombe wengine?"

"Hawana habari. Kila mmoja anajua sauti ya wake."

"Sasa kichwani mwa mtu ni hivyo hivyo. Ubongo una chembe nyingi mno, na hazigusani. Moja ikitaka kuipa nyingine habari, inatoa kitu kidogo sana, mjumbe, avuke uwazi uliopo katikati. Kwenye chembe ya pili kuna kipokezi. Hilo ndilo sikio. Kipokezi kikimshika mjumbe, chembe inaamka na kufanya kazi yake. Mjumbe mmoja anaitwa dopamini. Huyo ndiye anayeuambia ubongo, hili ni la maana, litazame, sogeza mkono, furahi. Kwa Supeet, kwenye sehemu moja ya ubongo, mjumbe huyu anatolewa kupita kiasi. Wanalia ndama ambao hawapo. Dereva akiulizia simba, ubongo wake unaambiwa hili ni lako. Upepo ukipiga bati, hili ni lako. Mtu akikohoa, hili pia ni lako. Hapumziki."

"Na kidonge?"

"Kidonge kinakaa ndani ya sikio. Ndama hanyamazi, ila mama hasikii kila kelele."

Ngoyai alifikiri. Kwa mambo ya ng'ombe hakuhitaji mwalimu. "Na Tobiko?"

"Tobiko hakuwa na kelele kichwani. Ndama wake ni wa kweli, analia inapotakiwa. Ukiliziba sikio la ng'ombe wa namna hiyo, maziwa hayashuki. Misuli ya shingo inamngoja mjumbe, na mjumbe hapokelewi. Haukuwa uchawi, mzee, wala sumu. Ni dawa iliyoingia kwenye kichwa kisichokuwa chake."

"Na nani aliyewamwaga hao wajumbe kwa mtoto wangu?"

"Hatujui. Madaktari wakubwa wenyewe wanabishana. Wapo wanaosema kosa linaanzia kwa mjumbe mwingine kabisa, na huyu wa dopamini anafuata tu. Mimi ninachojua ni kidogo. Akimeza anapata nafuu. Akiacha, ugonjwa unarudi, na kila unaporudi kumtoa huko kunakuwa kugumu zaidi. Mlete hapa."

"Gari gani litapakia mtu aliyefungwa kamba? Madereva wanamjua. Wanamwogopa."

Ilikuwa kweli, na Marsela alilijua hilo. Ipo sindano, alieleza, ya mara moja kwa mwezi. Ukishachomwa, hakuna cha kumeza wala cha kugawa. Lakini ilikuwa imekwisha, na nyingine ilitarajiwa kutoka Arusha baada ya wiki mbili, labda zaidi. Ikifika atapanda nayo mwenyewe hadi bomani. Mpaka siku hiyo, ni vidonge. Akahesabu sitini vingine, akavifunga, na kabla hajavitoa mkononi akamkazia mzee macho.

"Ni vya Supeet. Si vya rika, si vya mama yake, si vyako. Kichwa chako ni kama cha Tobiko. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Alielewa kweli. Hilo tusimwonee.

Jua lilikuwa limeegemea magharibi Ngoyai alipofika nyumbani siku ya pili. Hakuingia kwake, alikwenda moja kwa moja zizi la ndama. Supeet alikuwa amekaa kwenye samadi, mikono imefungwa nyuma kwenye nguzo. Midomo imepasuka. Nywele zake ndefu za kimorani, alizokuwa akizisuka na kuzipaka mafuta nusu siku nzima, zilikuwa zimegandamana. Alimtazama baba yake, kisha akatazama kitu pembeni ya baba yake, akatikisa kichwa kana kwamba amekubaliana na mtu.

Nasieku, mama yake, alikuwa ameketi nje ya zizi na kibuyu cha maziwa mapajani. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi.

"Vitie kwenye maziwa," alisema alipoona pakiti. "Visage, avinywe asijue."

"Anakunywa maziwa?"

Nasieku alikitazama kibuyu. "Hanywi. Kila nikimpa ananiuliza, wenzangu wako wapi?"

Basi Ngoyai akaenda kwa Tobiko. Sikilizeni, mzee wa rika la Makaa kwenda kumbembeleza morani si jambo dogo. Morani ndiye anayeitwa, naye anakuja mbio na kuinamisha kichwa. Ngoyai alivuka bonde kwa miguu iliyokwisha kuchoka, akamkuta kijana anakagua kwato za fahali, akamwomba. Njoo ukae na mwenzako. Kunywa naye maziwa. Kidonge hutakigusa, hutakiona.

Tobiko alijishika shingo bila kujua. "Baba, rika limekataa. Wamesema kinachotoka mkononi mwa Supeet hakiliwi. Nikila naye, na mimi nitabaki wa kula peke yangu."

"Atakufa, Tobiko."

"Najua, baba."

"Ni wewe uliyelala naye porini, mkatahiriwa siku moja."

"Najua!" Tobiko aligeuka upande wa fahali. Ngoyai alimtazama mgongo ule mpana unalia, na akaona hakuna zaidi cha kuomba hapo. Kijana hakuwa mbaya. Aliogopa kile ambacho hata Ngoyai, katika umri ule, angekiogopa kuliko simba.

Njia nzima ya kurudi Ngoyai alijisema vibaya. Angekuwa amepita upande mwingine wa nyumba asubuhi ile! Angekuwa ameona, akakohoa, akaenda zake! Baba gani anamkuta mwanawe anajitafutia uzima kwa siri, akamwita fisi? Alitaka kupiga kelele bondeni, akaogopa ataonekana na yeye amepatwa na wazimu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hapakuwa na mtu wa kumshika mkono.

Alipofika zizini aliwafukuza ndama wakaenda upande wa pili. Akamfungua Supeet kamba. Nasieku akasimama, "Ngoyai!" lakini akamnyamazisha kwa mkono. Kigoda chake cha uzee kilikuwa mlangoni, alikiacha hapo. Alikaa chini kwenye samadi, uso kwa uso na mwanawe, jinsi morani wanavyokaa. Akapasua pakiti, akatoa vidonge viwili, akaviweka kwenye kiganja.

Supeet alisema, "Wanasema nisimeze."

"Nani?"

"Hawa." Alisikiliza kidogo. "Wanasema wewe ndiye umelifukuza rika langu."

"Wamesema kweli," Ngoyai alijibu.

Hilo Supeet hakulitegemea. Kwa mara ya kwanza alimtazama baba yake mwenyewe, si pembeni yake.

"Mimi ndiye niliyekukataza kula peke yako," Ngoyai aliendelea. "Basi sitakuacha ule peke yako."

"Wewe si rika langu."

"Rika lako halipo. Nipo mimi."

Akakitia kidonge kimoja ulimini. Kilikuwa kichungu. Akachukua kibuyu mikononi mwa Nasieku, akanywa maziwa, akameza, akafungua mdomo mwanawe auone. Kisha akasubiri. Supeet alichelewa sana. Mara mbili alinyoosha mkono akaurudisha, huku akinong'ona na watu wake. Mara ya tatu alikichukua kidonge cha pili, akameza, na kile kibuyu akakishika kwa mikono yote miwili akanywa mpaka maziwa yakamchuruzika kifuani. Nasieku aliingia ndani ya nyumba yake ili asionekane.

Hivyo ndivyo walivyofanya, asubuhi na jioni. Vidonge sitini kwa watu wawili ni siku kumi na tano, na Ngoyai aliijua hesabu hiyo vizuri sana. Kila alichomeza alikuwa anamnyang'anya mwanawe, na asipokimeza mwanawe hamezi. Alijaribu mara moja, siku ya pili, kukificha chini ya ulimi. Supeet alimkazia macho, akatema cha kwake kwenye samadi. Jaribio hilo liliwagharimu nusu siku ya kubembelezana.

Siku ya tatu miguu ya Ngoyai ilianza kukataa kutulia. Akikaa inataka kusimama, akisimama inataka kwenda, akienda haina pa kwenda. Katika kikao cha wazee alinyanyuka mara nne, na Josephati, mzee mwenzake wa rika la Makaa na mwenye mdomo, akamtania mbele ya watu.

"Ngoyai, umerudi ujanani? Naambiwa unakula na morani. Kesho utaanza kusuka nywele."

Wazee walicheka. Siku nyingine Ngoyai angemrudishia Josephati maneno mpaka ajute. Siku hiyo ulimi ulikuwa mzito mdomoni, maneno yalifika yamechelewa, na aliyapata wakati watu wamekwisha kuongea mengine. Mate yalimtoka akayapangusa kwa shuka.

Siku ya tano mikono ilianza kutetemeka. Siku ya saba ikatokea jambo baya kuliko yote. Ilikuwa jioni, ng'ombe wanarudi, vumbi limepanda, kengele zinalia, na ndama wanajibu kutoka zizini. Kwa miaka hamsini saa hiyo haikuwahi kumpita bila moyo kumjaa. Hata miaka ya ukame, hata mwaka majirani wengi walipohama na maboma ya jirani yakabaki matupu, ng'ombe wakirudi jioni alikuwa mtu. Sasa alisimama mlangoni akawatazama wanapita. Alimwona mwekundu mwenye baka, aliyemzalisha kwa mikono yake, na hakusikia chochote. Ndama alilia, mama akaitika, na ndani ya Ngoyai hapakuwa na aliyeitika.

Hapo ndipo alipomwelewa Marsela kwa mwili mzima. Sikio lake lilikuwa limezibwa. Na hapo akaelewa jingine, ambalo Marsela hakulisema. Mwanawe aliishi hivi. Ule uzito aliouona Karatu, mwendo ule wa kuburuta miguu, yeye baba aliuita kupona. Mtoto alikuwa amelipia kimya cha kichwani kwa furaha ya ng'ombe, ya wimbo, ya kuruka, na bado alikuwa akimeza, mpaka baba alipokuja kumwita fisi. Ngoyai alitaka kulia. Machozi hayakuja.

"Acha," Nasieku alimwambia. "Utakufa na yeye atabaki."

"Nikiacha ataacha."

"Tumezaa watoto wangapi, Ngoyai, ili tuwazike?" Hakuwa anauliza. Alikuwa amechoka, na alisema tu kile kilichokuja.

Kutoka Karatu hapakuwa na habari. Simu ya Marsela, mtoto wa Josephati alipoipata akiwa amepanda kilimani, ilisema sindano bado. Vidonge vilikuwa vimebaki thelathini na viwili. Ngoyai alivihesabu asubuhi na akavihesabu tena jioni kana kwamba vingezaa.

Lakini Supeet alikuwa anakula. Siku ya nane alilala bila kuongea. Siku ya tisa alichana nywele zake kwa vidole. Siku ya kumi, asubuhi, Tobiko na wenzake wawili walikuja wakasimama kwenye lango la boma. Hawakuingia. Walikuwa wamesikia habari za mzee anayemeza sumu na mwanawe, wakaja kuona wenyewe, na hakuna aliyewafukuza.

Ngoyai alitoa vidonge viwili. Kimoja alimpa Supeet. Kingine alikipeleka mdomoni, na mkono ukakataa. Ulifika kidevuni ukacheza, ukashuka, akaupandisha tena, na kidonge kikaanguka kwenye samadi. Aliinama kukitafuta. Vidole vilikipita, vikarudi, vikakipita tena, udenda unamning'inia, na mgongo wake, uliokuwa umenyooka mbele ya wazee na mbele ya mabwana wa hifadhi, ulikuwa umekunjika mbele ya vijana watatu wa langoni.

Supeet alikiokota. Akakifuta kwenye shuka lake, akakiangalia, kisha akaangalia mkono wa baba yake kwa muda mrefu. Alikuwa anasikiliza, lakini safari hii alionekana kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Baba," akasema, "wewe unasikia watu?"

"Sisikii."

"Hata mmoja?"

"Hata ng'ombe sisikii, mwanangu."

Langoni Tobiko alikuwa amesogea hatua moja, akasimama.

"Basi hivi si vyako," Supeet alisema.

Alichukua pakiti magotini mwa baba yake, akakirudisha kidonge kile ndani, akakunja mdomo wa pakiti vizuri. Akasimama wima, bila kujificha nyuma ya nyumba yoyote, uso wake umeelekea lango na wenzake wa rika waliokuwa wakimwona. Wenzake wawili waligeuza nyuso wasitazame aibu ile. Tobiko hakugeuka. Supeet akaweka kidonge chake ulimini, akainua kibuyu, akanywa maziwa peke yake, akameza peke yake, akapangusa mdomo.

Ngoyai alikuwa bado chini. Miaka yote alijua la kusema morani akila peke yake mbele yake, na hakusema neno.